Bia haiozi, lakini huzeeka

Ndugu msomaji, wiki mbili zilizopita msikilizaji mmoja wa kipindi chetu alinikuta katika stendi ya mabasi ya Msamvu, Morogoro, akanishika mkono na kunivuta pembeni. Alikuwa na swali. Alikuwa amenunua kreti tano za bia kwa ajili ya kipaimara cha mwanawe, na sherehe yenyewe imesogezwa hadi mwakani kutokana na msiba katika ukoo. "Mwandishi," aliniuliza, "hizi bia zitafika?"

Nilitaka kumjibu papo hapo kwamba zitafika bila taabu, kisha nikajizuia. Swali hilo niliwahi kuulizwa mwaka 2020, nikalijibu kwa haraka na kwa kujiamini, na jibu langu likamtia hasara dada yangu wa tumbo moja. Nilimwomba msikilizaji wangu anivumilie hadi leo, ili nimjibu yeye pamoja na wengine wote wenye kreti chini ya kitanda, stoo au nyuma ya mlango wa jikoni.

Dada yangu mkubwa ana grosari pale Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na hadi Zambia. Wateja wake ni wafanyakazi wa hoteli na kambi za watalii, ni wasafiri waliolala mjini hapo kusubiri alfajiri, na ni wenyeji wa Mikumi wenyewe. Mwezi wa Februari mwaka 2020 alikopa fedha katika kikundi chao cha VICOBA, akanunua kreti 60 kwa mpigo. Hesabu yake ilikuwa nzuri. Pasaka ilikuwa karibu, na baada ya masika ungefuata msimu wa wageni wa hifadhi, unaoanza mwezi wa Juni.

Tarehe 16 Machi mwaka huo akatangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona hapa nchini. Mwezi wa Aprili safari za ndege za kimataifa zikasitishwa, na hata ziliporuhusiwa tena mwezi wa Mei, wageni waliokuja walikuwa wa kuhesabu. Hoteli zikapunguza wafanyakazi. Grosari ikapooza.

Jioni moja dada akanipigia simu. "Mdogo wangu, mzigo wote umelala stoo. Nirudishe hata kwa hasara, au niweke?"

Nikamjibu, "Dada, ondoa wasiwasi. Bia siyo maziwa. Bia haiozi. Weka tu, watu watarudi."

Ndugu msomaji, mimi nina stashahada ya uandishi wa habari. Sina cheti chochote cha utengenezaji wa pombe. Lakini dada yangu, kama walivyo ndugu wengi wa watangazaji, huamini kwamba mtu anayesikika redioni anajua. Akaweka.

Nilifika Mikumi mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Akanifungulia stoo, nami nikahisi joto likinipiga usoni kama mtu aliyefunua chungu jikoni. Ni chumba cha matofali ya saruji, paa la bati lisilo na dari, mlango wa chuma unaotazama magharibi. Kreti 41 zilikuwa bado zimepangwa ukutani. Nyingine tarehe yake ya mwisho wa matumizi ilikuwa imepita mwezi wa Oktoba, na nyingine zilikuwa zimebakiza wiki chache. Wateja walikuwa wameanza kulalamika. Mmoja alimwambia waziwazi kwamba bia yake ina ladha ya boksi lililonyeshewa mvua. Na kulikuwa na kijana mmoja aliyempitia na kumwambia kwamba kwa malipo kidogo, yeye na kitambaa chake na chupa yake ya tina wangeweza kuzifuta zile tarehe zote kwa saa moja.

"Wewe ndiye uliyesema haiozi," dada akaniambia. "Sasa niambie. Hii ni sumu, au siyo sumu? Na nikiiuza, ninamwibia mtu, au simwibii?"

Sikuwa na jibu. Ilinibidi nisome na kuwauliza watu wanaoifahamu kazi hiyo, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, kuhusu sumu. Katika neno lile moja, kwamba bia haiozi, sikuwa nimekosea sana. Pombe zetu za asili, kama mbege ya Kilimanjaro, ulanzi wa Iringa au komoni, ni vinywaji vilivyo hai. Hamira na vijidudu vingine vimo ndani vinaendelea na kazi hata wakati unakunywa. Ndiyo maana ulanzi wa asubuhi si ulanzi wa jioni, na ikipita siku kadhaa kinachobaki ni uchachu mtupu. Bia ya chupa ya kiwandani ni kitu kingine. Huchujwa hadi hamira ikatoka, na kwa kawaida hupashwa joto la nyuzi 60 hivi ili kuua kilichosalia. Njia hiyo ya kupasha tunaifahamu kwa jina la Louis Pasteur, yule mwanasayansi wa Ufaransa ambaye mwaka 1876 alitoa kitabu kizima kuhusu magonjwa ya bia.

Pili, bia yenyewe ina ulinzi wake. Ina kilevi, ina ukali wa tindikali, ina gesi, haina hewa ya kutosha, na ina hopsi, yale maua machungu yanayoipa bia ukakasi wake na ambayo vijidudu vingi haviyawezi. Vijidudu vinavyomletea binadamu maradhi havistawi humo. Chupa ambayo kizibo chake ni kizima, hata ikikaa miaka, kwa kawaida haigeuki kuwa sumu.

Lakini kutooza si sawa na kutozeeka. Hapo ndipo nilipompotosha dada yangu.

Adui mkubwa wa bia ni hewa, hasa ile oksijeni tunayoivuta sisi. Wakati wa kujaza chupa, viwanda hufanya kila linalowezekana kuiondoa, lakini chembe kidogo hubaki. Nyingine huingia polepole sana kupitia ule mpira mwembamba uliomo ndani ya kizibo. Kizibo hiki cha bati chenye meno kilibuniwa na William Painter wa Baltimore, Marekani, aliyekipatia hataza mwaka 1892, na ni kizibo kizuri, lakini si ukuta usiopitika. Oksijeni hiyo hukutana na viini vilivyotoka kwenye kimea, na polepole ladha hubadilika. Ule uchungu wa hopsi hufifia. Utamu wa asali iliyokaa hujitokeza. Na hutokea kitu ambacho wataalamu hukiita nonenali, chenye harufu ya karatasi au boksi. Ulimi wa binadamu hukitambua hata kikiwa chini ya sehemu moja katika sehemu bilioni moja za bia. Kwa hiyo yule mteja wa Mikumi aliyetaja boksi hakuwa mkorofi. Alikuwa anasema kitu kilekile ambacho waonjaji wa viwandani husema.

Mambo haya yote hutokea kwa mwendo unaotegemea joto. Hili ndilo ninaloomba ulishike, msomaji wangu, hata ukisahau mengine. Kwa makadirio, kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, bia huzeeka mara mbili hadi mara tatu kwa kasi zaidi. Chukua bia ambayo ingebaki na ladha nzuri kwa miezi 6 katika chumba cha nyuzi 20. Katika nyuzi 30, miezi hiyo hupungua kuwa 2 au 3. Katika nyuzi 40, unabakiwa na wiki 3 hadi 6 tu. Sasa fikiria stoo ya bati kule Mikumi saa nane mchana, kuanzia Februari hadi Novemba. Dada yangu aliihesabu miezi, naye aliihesabu kwa haki. Bia ilikuwa inahesabu joto.

Hesabu hiyo niliishuhudia kwa macho na kwa ulimi siku mbili baadaye. Nilichukua chupa moja kutoka stoo ya dada, nikapanda gari hadi Kilosa mjini kumsalimu baba yangu mdogo. Huyu ni mzee aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote. Nilipomweleza kisa cha dada, akacheka kwa huzuni.

"Mwanangu," akasema, "sisi tuliopokea mabehewa tulilijua hilo zamani. Mzigo wa bia ukikaa siku nyingi juani ndani ya behewa la chuma, hata kabla hujafungua chupa unajua kwamba wanywaji watanung'unika."

Kisha akaingia chumbani na kutoka na sanduku lake la mbao. Ndani, chini ya mashuka, mlikuwa na chupa mbili za bia. Alizinunua mwezi wa Desemba mwaka 2009 kwa ajili ya mkesha wa mwaka mpya. Wasomaji wa Kilosa wanajua kilichofuata. Mwishoni mwa mwezi huo na kuingia Januari 2010, mto Mkondoa ulifurika, ukabomoa nyumba, ukang'oa reli, na maelfu ya watu wakahamia kambini kwenye mahema. Baba mdogo alitoka nyumbani kwake na sanduku hilo kichwani. Mlikuwa na vyeti vya watoto, picha za marehemu mama mdogo, na zile chupa ambazo hakukumbuka kuzitoa. Baadaye, alipojenga tena, hakuwa na moyo wa kuzinywa. Zikabaki sandukuni, gizani, chini ya kitanda, katika nyumba ya tofali nene ambayo hata mchana ni baridi.

"Leo tufungue moja," akasema. "Tuone nani mzee zaidi, hii yangu au hiyo ya dada yako."

Tulimimina katika bilauri mbili, za vinywaji vya aina moja. Ya baba mdogo, yenye karibu miaka 11, ilikuwa imekolea rangi kama chai ya rangi, na vipande vidogo kama ukoko vilielea chini. Povu lilipanda likaanguka mara moja. Harufu yake ilikuwa ya sukari guru na zabibu kavu, na ladha ya boksi ilikuwamo pia. Ilikuwa bia iliyozeeka, hilo halina ubishi, lakini iliweza kumezwa. Ya Mikumi, yenye miezi 9 tu, tuliionja mara moja, kisha baba mdogo akaitua chini na kuisukuma bilauri kwa kidole.

"Hii imeishi maisha magumu," akasema.

Sikudai wakati ule, wala sidai leo, kwamba chupa mbili ni utafiti. Lakini zilinionyesha waziwazi kile nilichokisoma baadaye, kwamba miezi michache ya tanuri inaweza kukaribia, na hata kuzidi, miaka mingi ya kivuli.

Adui wa tatu ni mwanga. Ile hopsi inayolinda bia dhidi ya vijidudu ina udhaifu wake. Ikipigwa na mwanga wa jua, hutoa harufu kali ya kunuka. Wamarekani huifananisha na mnyama wao anayejihami kwa kunyunyiza uvundo. Sisi wa jirani na hifadhi ya Mikumi tunaweza kusema kicheche, na tutakuwa tumeelewana. Chupa ya rangi ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ya kijani huzuia kidogo tu, na ile nyeupe haizuii karibu chochote. Katika jua kali, bia iliyo katika chupa nyeupe huweza kuharibika kwa muda mfupi tu. Kwa hiyo wenye baa wanaopanga chupa dirishani ili zipendeze wapita njia, wajue wanazipendezesha na kuziua kwa wakati mmoja.

Hapa lazima niondoe imani mbili zilizoenea. Ya kwanza inahusu lile swali la wahudumu wetu, "Baridi au ya moto?" Kunywa bia ya moto, yaani isiyotoka kwenye friji, ni hiari ya mnywaji na hakuiharibu bia hata kidogo. Kinachoiharibu ni miezi ya joto kabla haijafika mezani. Ya pili ni kwamba bia ikipoozwa, ikatolewa ikapata moto, kisha ikarudishwa kwenye friji, basi imekufa. La hasha. Kupoa na kupata moto mara moja hakuna madhara makubwa. Mabaya ni muda mrefu inaoupitisha ikiwa ya moto.

Kuna atakayesema, mbona Wazungu huweka bia miaka na miaka kama wanavyoweka mvinyo? Ni kweli, lakini bia hizo si hizi. Mwaka 1968 kiwanda cha Eldridge Pope cha Dorchester, Uingereza, kilitoa bia iliyopewa jina la mwandishi Thomas Hardy, yenye kilevi cha karibu asilimia 12, ikiwa na hamira hai ndani ya chupa, na ikaelezwa kuwa ingeweza kukaa miaka 25. Wabelgiji nao wanazo bia kali na bia chachu ambazo huwekwa pangoni kwa miaka. Hizo zina kilevi kingi, au uchachu, au hamira inayoendelea kuila ile oksijeni kidogo iliyobaki, na huwekwa mahali pa baridi na giza. Laga yetu ina kilevi cha asilimia 4 na nusu hadi 5 na nusu, imechujwa, hamira yake imetolewa. Imetengenezwa inywewe ikiwa mbichi. Mtengenezaji mwenyewe anajua hivyo, na ndiyo maana laga nyingi duniani hupewa miezi 6 hadi 12 tu ya kukaa.

Hata baridi ina mpaka wake. Mwaka 2010 wapiga mbizi waliokuwa katika bahari ya Baltiki, karibu na visiwa vya Åland vya Finland, walikuta chupa za bia ndani ya meli iliyozama miaka ya 1840. Zilikuwa zimekaa chini ya maji, gizani na baridini, kwa miaka 170 hivi. Wanasayansi wa Finland walipozifungua na kuzichunguza walikuta maji ya chumvi yameingia, na harufu walizozitaja ni pamoja na jibini na mbuzi. Walijifunza mengi kuhusu utengenezaji wa bia ya wakati ule, lakini hakuna aliyeomba bilauri ya pili.

Nadhani desturi yetu ya kuweka bia tumeirithi. Mimi nilikuwa mtoto katika miaka ya 1980, wakati bidhaa zilipoadimika, na nakumbuka jinsi wazazi wetu walivyoificha kreti moja ya sherehe kama watu wanaoficha mahari. Aliyeipata bia leo aliiweka, maana hakujua kesho angeipata wapi. Nyakati zimebadilika. Magari ya wakala yanapita kila wiki hadi vijijini, lakini mikono yetu bado inakumbuka foleni.

Kwa hiyo namjibu msikilizaji wangu wa Msamvu hivi. Soma tarehe kwenye kila chupa. Kama inaangukia kabla ya kipaimara, ziuze au zinywewe sasa, ununue nyingine wiki ya sherehe. Kama inavuka, ziweke chumba cha ndani chenye dari, sakafuni, mbali na dirisha na jiko, zikiwa zimesimama wima, na juu yake tupa gunia. Yoyote yenye kizibo kilichopata kutu au kinachovuja, au ambayo ukiifungua inaruka povu bila kutikiswa, imwage. Na mwenye duka akumbuke kanuni ya kwanza ya stoo: kilichoingia kwanza ndicho kitoke kwanza.

Namrudia dada yangu. Nilimweleza kwamba bia yake siyo sumu. Nikamweleza pia kwamba hilo halikumpa ruhusa ya kuiuza. Kuuza kinywaji kilichopita muda wake ni kosa, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS. Kufuta tarehe ni kosa juu ya kosa, kwani mnunuzi hulipia bia mbichi akapewa ya zamani. Yule kijana wa kitambaa na tina aliporudi, dada alimwambia aende zake.

Zile ambazo tarehe yake ilikuwa haijafika aliziuza kwa bei ya chini, naye aliwaambia wateja sababu. Wapo waliokataa, na wapo waliochukua. Zilizopita muda tulizimwaga, mimi na yeye, nyuma ya grosari, kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, chupa moja baada ya nyingine. Chupa tupu na kreti zake zina thamani, na hizo zilimrudishia angalau sehemu ya mtaji. Deni la VICOBA lililobaki tulilipa wote wawili. Ilinibidi, kwa kuwa nusu ya hasara ile ilitoka kinywani mwangu.

Siku hizi stoo yake ina dari. Hanunui kreti zaidi ya zile anazoweza kuuza kwa mwezi mmoja. Na akinipigia simu kuniuliza jambo, nikijibu haraka haraka, huniuliza kwanza, "Umesoma mahali, au unatangaza tu?"

Chupa ya pili ya baba mdogo ingali sandukuni kule Kilosa. Anasema ile siyo ya kunywa tena. Tuonane wiki ijayo, panapo majaaliwa.